Faili Iko Tayari? Tayari kwa Nani?

Wasee, leo sina vichekesho. Nataka tugombane kidogo kuhusu kitu ambacho karibu kila anayejifunza programu huku kwetu anakiruka: kompyuta inajuaje kwamba faili iko tayari kusomwa, au kwamba faili imebadilika? Najua inasikika kama mada ya kulalia. Lakini hapa ndipo programu nyingi za vijana zinafia, na zinafia mbele ya mteja aliyelipa.

Msimamo wangu ni huu. Linux, Windows na macOS zote zitakuambia "tayari", na kila moja ina maana yake. Ukiambiwa tofauti hizo hazikuhusu kwa sababu maktaba fulani itazimaliza zote, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Na msee anayejifunzia Voi, Mwatate ama Taveta anahitaji kuzijua kuliko yule wa ofisi kubwa Nairobi. Nitafika hapo.

Kukesha ama kungoja nyuki

Tuanze nyumbani. Ukipanda Sagalla, ndovu wakitoka Tsavo wanaingia mashambani. Mkulima ana njia mbili za kujua wamefika. Ya kwanza ni kukesha. Unaamka, unashika tochi, unazunguka shamba, unarudi kulala, unaamka tena. Ukizunguka kila dakika tano, hulali. Ukizunguka kila baada ya saa mbili, huvuni.

Ya pili ni ua wa mizinga ya nyuki, ule uliosambazwa Sagalla na mradi wa Elephants and Bees wa shirika la Save the Elephants, ambao Dkt. Lucy King aliuanzisha. Mizinga inaning'inizwa kila baada ya mita 10 hivi, mingine halisi na mingine ya bandia, yote imeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Mkulima amelala. Tukio lenyewe ndilo linaloamsha shamba.

Programu nazo ni hivyo hivyo. Kuzunguka ndiko watu wa msimbo huita kupoli: kuchungulia, kurudi, kuchungulia tena. Kungoja nyuki ni kuiambia keneli, ule moyo wa mfumo endeshi, "nimelala, kitu kikitokea niamshe." Ukipoli ovyo unakula prosesa na betri. Kwa laptopu ya mtumba ambayo betri yake inashika dakika arobaini, na stima yetu tunaijua, hiyo ni hasara unayoiona kwa macho.

Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza: nyuki wa Linux ni sawa na nyuki wa Windows?

Bomba lipo. Maji je?

Historia kidogo tu, msilale. Mwaka 1983, Unix ya BSD toleo 4.2 ilileta amri inaitwa select. Unaipa orodha ya vishikio, yaani namba ambazo mfumo hukupa ukifungua faili ama muunganisho wa mtandao, halafu unalala hadi kimoja kiwe tayari. Baadaye ikaja poll. Shida yao ni kama makanga wa Wundanyi anayesoma orodha yote ya abiria kuanzia mwanzo kila mtu mmoja akiingia. Watu kumi, sawa. Watu elfu kumi, gari haliondoki.

FreeBSD ikaleta kqueue mwaka 2000, na macOS inaitumia hadi leo. Linux ikatengeneza epoll, ikaanza kuingia kwenye keneli mwaka 2002. Zote mbili wazo lake ni moja: andikisha jina mara moja, ukiwa tayari utaitwa. Windows ilikuwa imeshachagua barabara nyingine tangu NT 3.5 ya mwaka 1994, kitu kinaitwa IOCP. Ile haikuambii "njoo, gari liko tayari upande." Wewe unaikabidhi mzigo na kwenda zako, halafu inakuambia "mzigo umefika, njoo uuchukue." Moja inatangaza utayari, nyingine inatangaza kumaliza. Msimbo wako unajengwa tofauti kabisa kulingana na ile uliyochagua.

Kwa miunganisho ya mtandao, yaani soketi, unaweza kufunika tofauti hizo na maisha yaendelee. Faili ya kawaida kwenye diski ndiyo inayovua watu nguo.

Sheria ya POSIX, ambayo mifumo ya jamii ya Unix inaifuata, inasema select na poll zikiulizwa kuhusu faili ya kawaida zijibu kwamba iko tayari. Kila wakati. Hata kama data bado iko kwenye diski inayozunguka polepole kama boda imeishiwa mafuta. Sisi watu wa Taita Taveta tunaielewa hii kuliko mtu yeyote. Chemchemi za Mzima ziko kwetu, bomba lake linateremka hadi Mombasa, na bado kuna kijiji bomba linapita karibu na mama anabeba mtungi. Kuambiwa "bomba lipo" na kuambiwa "maji yapo" ni habari mbili. Poll inakujibu kuhusu bomba. Unafungua ukiamini maji yanatoka, kumbe programu yako yote imesimama inangoja diski, na wateja wengine wote wamesimama nyuma yake.

Epoll ya Linux angalau haizunguki mbuyu. Ukijaribu kuandikisha faili ya kawaida, inakataa. Lakini angalia vile inakataa: inakurudishia kosa EPERM, yaani "huna ruhusa". Kwenye Python utaona PermissionError. Mtu anaanza kuhangaika na chmod, anaingia kama mkuu wa mfumo, anabadilisha mwenye faili, bado wapi. Ruhusa unayo. Epoll haishughuliki na faili za aina hiyo, basi.

Kqueue nayo ina tabia ya tatu. Inakubali faili ya kawaida, na inakuambia tayari maadamu hujafika mwisho wake. Ukifika mwisho inanyamaza, na mtu akiongeza mistari inakuamsha. Kwa hiyo programu ya kufuatilia kumbukumbu za seva uliyoiandika kwenye Mac ya rafiki inapendeza sana. Unaipeleka ilivyo kwenye seva ya Linux, ukibadilisha kqueue na epoll tu, inakataa kuanza. Ukisema haya, nitumie poll, sasa inaambiwa "tayari, tayari, tayari" bila kupumua, inasoma mwisho wa faili mara milioni, na prosesa inachemka.

Na Windows? Select ya Windows, pamoja na ndugu yake WSAPoll, inakubali soketi peke yake. Ipe faili, unapata kosa namba 10038: hiki ulichonipa si soketi. Jina la amri ni lile lile uliloliona kwenye mafunzo ya Linux.

Neno moja, majibu matatu. Hayo sijayatoa kwenye hekaya, yameandikwa wazi kwenye vitabu vya mwongozo vya mifumo hiyo. Ni vile tu hakuna anayetutuma kuvisoma.

Tuseme ni saiba hapa Voi

Sasa tuje kwa doo, maana najua wengine mnataka kujua hii inalipa wapi.

Tuseme mwenye saiba anakuita. Anataka programu ndogo: skana ikitupa faili kwenye folda, programu iichukue na kuituma. Kazi ya siku moja, si ndiyo? Mwanafunzi analeta fomu ya HELB, siku ya mwisho ni leo, inaskaniwa, inaondoka.

Kwenye Linux utatumia inotify, iliyoingia kwenye keneli mwaka 2005. Ina tukio zuri sana linaitwa IN_CLOSE_WRITE: aliyekuwa anaandika faili amemaliza na ameifunga. Unatuma ukiwa na amani.

Laptopu ya saiba ni Windows. Huko kuna ReadDirectoryChangesW. Itakuambia faili imezaliwa, itakuambia imebadilika. Tukio la kusema "mwandishi amefunga faili" haina. Programu yako inaona faili imezaliwa, inairukia, na skana bado iko ukurasa wa kwanza kati ya minne. Ukiwa na bahati, Windows inakunyima faili kwa sababu skana imeishika. Ukikosa bahati, umetuma nusu fomu na skrini imeandika "imefaulu". Mwanafunzi anaenda nyumbani akijua amemaliza. Huyo ndiye ninayemfikiria ninapoandika haya, kwa sababu mkopo ukikwama ni yeye anayekosa karo, na wewe programu yako haikuonyesha kosa lolote.

Kwenye Mac utakutana na FSEvents, iliyokuja mwaka 2007. Mwanzoni ilikuwa inakuambia tu kuna kitu kimebadilika ndani ya folda hii, kachungulie mwenyewe. Habari ya faili moja moja ilikuja baadaye, na inaweza kukuletea mabadiliko kadhaa yakiwa yamefungwa pamoja.

Kuna mitego mingine inayotupata sisi hasa. Wengi wetu tuna laptopu ya Windows na tunajifunza Linux ndani yake kwa WSL2. Ukiweka mradi wako upande wa Windows, kule /mnt/c, halafu uuhariri kwa programu ya Windows, inotify ya upande wa Linux haipati habari. Unahifadhi faili, ukurasa haujipyaishi, unadhani umeharibu kitu. Hujaharibu. Nyuki wako upande mmoja wa ua na ndovu anapitia upande mwingine. Hamisha mradi uje nyumbani kwa Linux, ama ukubali kupoli.

Flashi nazo. Flashi ya FAT32 inaandika saa ya mabadiliko kwa hatua za sekunde mbili. Ukipoli kwa kulinganisha saa peke yake, faili iliyobadilishwa mara mbili ndani ya hizo sekunde mbili inaweza kukupita kimya. Folda ya mtandao pia: kompyuta nyingine ikibadilisha faili kule, inotify ya kwako haioni.

Na foleni hujaa. Matukio yakija mengi kwa wakati mmoja, inotify inakutumia alama kwamba mengine yamepotea. Windows bafa ikifurika inakurudishia sifuri, maana yake yote yamekwenda, anza kuhesabu upya. Ukiangalia mifano mingi ya mtandaoni, hiyo sifuri haishughulikiwi kabisa.

Hata Sagalla iko hivyo. Ukame ukikaza na maua yakikosekana, nyuki wanahama na mizinga inabaki mitupu. Waya upo, mizinga ipo, hakuna kitakachotoka. Mkulima mwenye akili haitupi tochi kwa sababu amepata mizinga.

"Lakini si maktaba inafanya hayo yote?"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila nikianza hii stori. Siku hizi limeongezewa: AI itakuandikia.

Sina vita na maktaba. Chukua libuv, ile iliyo chini ya Node.js. Ni kazi ya heshima. Kwenye Linux inatumia epoll, kwenye Mac kqueue, kwenye Windows IOCP, na wewe unaandika msimbo mmoja. Lakini waliotengeneza libuv walijua faili hazipoliki vizuri, kwa hiyo wakaziweka pembeni: kazi za faili zinafanywa na nyuzi za wafanyakazi, na kwa kawaida wafanyakazi hao ni wanne. Wanne tu, hadi ubadilishe mwenyewe. Faili nne nzito kwenye diski mbovu zikiwashika wote, kazi ya tano inapanga foleni. Hata kutafuta anwani ya tovuti kwa jina, ile njia ya kawaida, inapita kwa hao hao wanne. Kwa hiyo unaweza kuona "mtandao umekwama" kumbe ni diski. Msee asiyejua hii atalaumu Safaricom bure.

Umeona? Maktaba haikuondoa tofauti. Ilichagua mahali pa kuiweka. Tatizo likija, anayejua ilipowekwa analitatua kwa dakika kumi, na asiyejua anapiga simu kwa yule anayejua. Hiyo simu ndiyo mshahara.

AI nayo, ukiiomba programu ya kufuatilia folda bila kusema itakaa wapi, itakupa ya kitu fulani, na itakupa kwa kujiamini sana. Haijui saiba ina Windows ya zamani na folda iko kwenye flashi. Wewe ndiye unayejua. Ukijua cha kuuliza, chombo kinakuwa na maana. Usipojua, umeletewa mbuzi mwingine kwenye gunia jipya.

Kwa nini sisi hasa

Mimi niliacha chuo. Sisemi uache, kila mtu na hesabu zake. Ninachosema ni kwamba pale nilipokuwa, somo la mifumo endeshi lilikuwa orodha za kukariri. Unaandika tofauti tano kati ya hiki na kile, unapewa alama, unasahau. Hakuna siku tulifungua mashine mbili tukazilinganisha kwa macho. Na kozi fupi za mtandaoni zinakimbilia mwisho kabisa, kupaka rangi vitufe. Katikati hapo kuna shimo, na kila anayetaka kutengeneza kitu cha watu halisi atapita hapo hapo.

Msee wa kampuni kubwa anaweza kuishi bila kujua, kwa sababu seva zote za kazini ni Linux moja, laptopu zote zimefanana, na kuna mtu mwingine amelipwa kushughulikia yaliyo chini. Sisi mteja wetu ni saiba, duka la dawa, shule, SACCO. Mmoja ana Windows 7, mwingine ana Mac aliyoletewa na mjomba, seva umekodisha ng'ambo ni Linux, na wewe mwenyewe labda unaandika kwa simu ukitumia Termux. Ile Android mfukoni mwako imekaa juu ya keneli ya Linux, epoll iko ndani inafanya kazi sasa hivi unavyosoma. Tunaishi katikati ya tofauti hizi. Anayeambiwa azipuuze ni yule atakayekutana nazo kwanza.

Kwa hiyo, haya ndiyo ninayoyashika, yachukue ukipenda.

Tukio ni fununu. Ukiambiwa folda imebadilika, nenda uisome folda mwenyewe, ulinganishe na ulichokuwa nacho. Usijenge hesabu zako juu ya matukio peke yake.

Weka mzunguko wa polepole nyuma ya matukio. Mara moja kila dakika chache haiui betri, na inaokota yaliyopotea.

Kama wewe ndiye unayeandika faili, iandike kwa jina la muda, ukimaliza ndipo uipe jina lake halisi ndani ya folda hiyo hiyo. Msomaji hataiona ikiwa nusu. Kama mwandishi ni skana usiyoweza kuirekebisha, ngoja ukubwa wa faili utulie mara mbili mfululizo na uhakikishe inafunguka, ndipo utume.

Fuatilia folda, usifuatilie faili moja. Programu nyingi za kuandikia huhifadhi kwa kutengeneza faili mpya na kuibadilishia jina, na wewe unabaki umeshikilia ile iliyokufa.

Na ijaribu kwenye mashine ya mteja. Ile ya kwako itakusifu kila siku.

Nataka zaidi ya hapo, kusema kweli. Nataka vikundi vya vijana wa msimbo kaunti hii vikikutana viache kutuonyesha picha za apu nzuri peke yake. Tuleteeni laptopu tatu mezani, Linux, Windows na Mac ya kuazima, programu moja ya mistari ishirini inayofuatilia folda, tuone kila moja inasema nini. Saa moja ya hiyo inashinda muhula mzima wa kukariri, na haihitaji bando.

Ukiwa na Linux ama Termux karibu, anza leo. Fungua Python, tengeneza faili yako mwenyewe, jaribu kuiandikisha kwenye epoll. Utaambiwa huna ruhusa juu ya faili uliyoitengeneza sekunde tano zilizopita. Ukimaliza kucheka, uliza kwa nini, na usikubali jibu la "ndivyo ilivyo".